Redio koli kwenye gokati: kumfikia dereva bila kumvuruga

Kila gokati, vile vigari vidogo vya mbio vilivyo wazi, zinapowekwa uwanjani, iwe Iringa mjini, Mafinga au Mbeya, maswali huwa yaleyale. Ninunue redio gani? Maiki inakaa wapi ndani ya helmeti? Mbona dereva wangu anasikika kama yuko ndani ya mashine ya kusaga? Nimeona niandike majibu yote mahali pamoja. Ni kwa ajili ya anayeanza: dereva mmoja, msemaji mmoja (anayeongea naye kwa redio akiwa pembeni), na uwanja wa kukodi uliozungushiwa matairi chakavu.

Niseme mapema msimamo wangu, maana mwongozo wote umejengwa juu yake. Redio ya gokati ni ya dereva kusikia. Kuongea kwake ni nyongeza, na kwa anayeanza ni nyongeza isiyohitajika. Ukilikubali hilo utanunua vitu vichache na kufunga nyaya chache, na dereva wako ataendesha badala ya kujibu salamu.

Kabla hujatoa hela

Kwanza kibali. Tanzania masafa ya redio yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Redio koli kuuzwa dukani hakumaanishi una ruhusa ya kuitumia kwenye masafa yoyote unayoyapenda. Redio nyingi za bei nafuu zinaweza kurusha hata kwenye masafa ya watu wengine: walinzi, magari ya wagonjwa, vyombo vya usalama. Ukiwaingilia hao, utetezi wa "nilikuwa najaribu tu" haukusaidii. Watu wa nyanda za juu kusini tuna bahati kwamba TCRA ina ofisi ya kanda Mbeya. Nenda na karatasi yenye maelezo ya redio zako, ueleze unataka kuzitumia wapi na kwa shughuli gani, upewe utaratibu wa masafa. Kama mnakimbia kama kikundi, ombeni pamoja.

Pili, kanuni za mashindano yenyewe. Mazoezi ni ya kwenu, lakini siku ya mbio muulize mwandaaji. Kanuni za kimataifa za gokati chini ya FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, zinakataza kabisa dereva aliye uwanjani kuunganishwa kwa redio na mtu mwingine. Mbio ndefu za kupokezana madereva na mbio za kirafiki mara nyingi zinaruhusu. Marekani, kwenye viwanja vingi vidogo, kuna utaratibu mwingine ninaoupenda: dereva anavaa kipokeo tu, na anayesikika ni msimamizi wa mbio peke yake, akitangaza ajali na kupanga foleni. Kwa watoto sijaona utaratibu bora kuliko huo.

Vitu unavyohitaji

Redio mbili za mkononi za UHF, za aina moja, pamoja na ya tatu ya akiba kama mfuko unaruhusu. Baofeng UV-5R na BF-888S ndizo utakazokutana nazo zaidi madukani, na kwa uwanja wa mita mia chache zinatosha na kubaki. Usichanganye aina kama unaweza kuepuka.

Eafoni mbili za kuziba masikio, zenye sponji. Zile za simu zinazoning'inia tu hazifai. Mlio wa injini utapita pembeni na utaishia kupandisha sauti mpaka umwumize mtu.

Waya wa kuunganisha eafoni na redio, wenye pini mbili za aina ya Kenwood (hizo ndizo zinazoingia kwenye Baofeng), na katikati yake kiungo cha pini moja ya milimita 3.5 kinachochomoka kikivutwa. Hiki kiungo usikiruke. Nitaeleza kwa nini.

Helmeti nzima inayofunika kidevu. Helmeti ya bodaboda iliyo wazi mbele haifai kwa gokati hata bila redio.

Betri za akiba, solotepu nyeusi ya mafundi umeme, kamba za plastiki za kubania nyaya, kipande cha sponji ya godoro, na rangi ya kucha. Ndiyo, rangi ya kucha.

Kwa msemaji: kinga ya masikio yenye spika ndani na maiki mbele, au angalau eafoni nzuri. Msemaji asiyesikia atapiga kelele, na kelele kwenye redio haiongezi kueleweka, inakwaruza tu.

Hatua ya 1: Panga redio ukiwa mezani

Usifanye kazi hii uwanjani jua likiwa kichwani na watu wakikuita. Kaa nyumbani, weka redio zote mbele yako, uzipange zote sawasawa. Ukiwa na kompyuta na waya wake, programu ya bure iitwayo CHIRP inakuruhusu kunakili mpangilio mmoja kwenye redio zote. Bila kompyuta, UV-5R inapangwa kwa menyu yake, na mambo ya kugusa ni haya:

Weka masafa uliyopewa. Weka nguvu ya kurusha (TXP) iwe ya chini. Kwa uwanja unaouona wote kwa macho, nguvu kubwa inamaliza betri na kusumbua wengine. Hakikisha WN, yaani upana wa mawimbi, ni uleule kwenye redio zote, la sivyo sauti itakuwa ndogo au ya kukwaruza.

Chagua toni moja ya CTCSS, tuseme 123.0, uiweke kote kuwili: ya kupokea (R-CTCS) na ya kurusha (T-CTCS). Wanaoanza wengi huweka upande mmoja, kisha wanashinda wakisema redio mbovu. Toni hiyo inamzuia dereva asisikie maongezi ya wengine. Haikufichi, maana yeyote aliye kwenye masafa hayo anakusikia vizuri tu.

Zima VOX. Hicho ndicho kinachoifanya redio irushe yenyewe ikisikia sauti, na kwenye gokati sauti ya kwanza kusikika ni injini. Zima TDR, isiwe inarukaruka kati ya masafa mawili. Zima mlio wa kumaliza kuongea (ROGER). Weka TOT iwe sekunde 15, ili kitufe kikikwama redio ijikate yenyewe badala ya kufunga mawasiliano ya wote.

Halafu zima SAVE. Hii ni ya kubana betri: redio inasinzia kidogo na kuamka kidogo. Ikiwa imesinzia, neno lako la kwanza linaliwa. Ukisema "Njano kona ya pili", dereva anasikia "kona ya pili" na anajiuliza kona ya pili kuna nini.

Mwisho, funga vitufe.

Hatua ya 2: Eafoni ndani ya helmeti

Vaa eafoni kwanza, kisha helmeti juu yake. Pitisha solotepu kipande kifupi juu ya kila sikio ili helmeti isiing'oe wakati wa kuvaa. Waya ushuke nyuma ya shingo, usipite mbele ya koo.

Usitoboe helmeti. Usikate sponji yake ya ndani kupata nafasi ya spika. Ile sponji ndiyo inayopokea kishindo, na helmeti iliyochongwa ni mapambo. Waya ukikataa kukaa, ubandike juu ya kitambaa cha ndani.

Kama umeamua dereva aongee, maiki inakaa mbele ya mdomo kwenye sehemu ya kidevu, karibu kiasi cha kugusa mdomo. Maiki za kuchuja kelele zinafanya kazi zikiwa karibu tu. Isogeze nyuma kwa upana wa vidole viwili na itachukua injini yote. Iwe na kofia yake ya sponji, hasa ukikimbia sehemu zenye upepo kama Makambako.

Hatua ya 3: Redio na nyaya kwenye gokati

Gokati nyingi hazina mkanda wa kiti. Likitokea la kutokea, dereva anatoka kwenye kiti, na chochote kilichomfunga kwenye chuma kitamvuta shingo. Ndiyo maana ya kile kiungo cha milimita 3.5. Pini mbili za Kenwood zinabana sana kwenye redio, hazichomoki kirahisi. Kiungo kikae karibu na bega, kisifungwe kwa solotepu wala kamba. Kaa kwenye gokati, mwambie mwenzako avute helmeti kwa upole: kiungo kichomoke kabla hujahisi kuvutwa. Kisipochomoka, hakuna kukimbia.

Redio yenyewe naifunga nyuma ya kiti kwa nje, upande usio na injini wala ekzosi, ikiwa imezungushiwa sponji ya godoro na kubanwa kwa kamba mbili za plastiki. Wapo wanaoiweka mfukoni au kiunoni. Kiti cha gokati kinabana mbavu, na kitu kigumu kati ya kiti na ubavu ni kuvunjika kunakosubiri siku. Antena isimame wima, isigusane na chuma. Na usibonyeze kitufe cha kuongea antena ikiwa imetolewa. Unaweza kuunguza redio.

Kitufe cha dereva, kama kipo, kinafungwa kwenye usukani mahali kidole gumba kinapofika bila kuachia, na waya wake nao uwe na kiungo cha kuchomoka. Usukani unapozungushwa hadi mwisho pande zote mbili, waya usikaze.

Hatua ya 4: Jaribu kwa mpangilio huu

Injini ikiwa imezimwa, dereva kavaa kila kitu, msemaji aende mwisho kabisa wa uwanja. Aseme maneno matano, dereva ayarudie kwa mdomo kwa mtu aliye karibu naye. Hapo unajua mawimbi yanafika.

Washa injini, iache ingurume, kisha iongezwe mafuta gokati ikiwa imeinuliwa kwenye stendi. Hapa ndipo sauti inapopangwa. Pandisha kidogokidogo mpaka dereva asikie bila kukunja uso, kisha weka alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti na kwenye mwili wa redio, zikitazamana. Kila asubuhi unarudisha alama kwa alama na kazi imekwisha.

Ukisikia mtatarizo unaopanda na kushuka pamoja na injini, tatizo ni cheche za plagi, si redio. Angalia namba ya plagi. Kwa Honda GX200, ambayo gokati nyingi za kukodisha zinaitumia, plagi ya NGK ni BPR6ES; ile R inaonyesha ina rezista ndani ya kupunguza muingiliano. Mtu akikuuzia BP6ES kwa kuwa "ni ileile tu", itawasha, na injini itakimbia vizuri, lakini redio italia siku nzima. Angalia pia kofia ya plagi imekaa sawa na waya wake haujachunika.

Baada ya hapo, mizunguko mitatu ya taratibu, msemaji akisema neno moja kila mzunguko.

Hatua ya 5: Kubalianeni maneno

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kuliko hata kwenye kuchagua redio.

Gokati ikienda kilomita 60 kwa saa inakula karibu mita 17 kila sekunde. Sasa msikilize baba mmoja wa kawaida pembeni ya uwanja: "Mwanangu, angalia huyo wa nyuma yako anakuja, anataka kukupita kwa upande wa kulia, usimwachie." Ni sekunde sita hivi, yaani mita mia moja. Sentensi inapokwisha, huyo wa nyuma ameshapita na yuko kona inayofuata.

Maneno yawe mafupi, na yasifanane yakisikika nusu. Jaribu kusema "tulia" na "kulia" ukiwa na injini masikioni. Dereva aliyeambiwa atulie, akasikia kulia, anahamia kulia, na huko kuna mtu. Vilevile "pita" na "piti" (mahali pa kuingia kusimama, nje ya njia ya mbio). Haya mawili ya mwisho, pamoja na "tulia", yafute kabisa kwenye orodha yako. Orodha ninayowapa wanaoanza ni hii:

- Kulia au Kushoto: kuna gokati ubavuni mwako upande huo, mwachie nafasi. Halina maana nyingine.
- Wazi: hakuna mtu tena ubavuni.
- Njano, njano: hatari mbele, punguza, usimpite mtu. Linasemwa mara mbili, likifuatiwa na namba ya kona.
- Nyekundu, nyekundu: mbio zimesimamishwa.
- Rudi: ingia piti mzunguko huu.
- Bado tatu, bado mbili, bado moja: mizunguko iliyobaki.
- Pumua: umekaza mikono, unaendesha kwa hasira. Hili nimeliweka mahali pa "tulia".

Yatosha. Mkiyazoea mtaongeza la kwenu moja au mawili. Ukiongeza kumi, dereva atayasahau yote na kubaki na la mwisho.

Na namba za kona zichorwe kwenye karatasi, kila mtu awe na nakala. Nimeona msemaji anahesabu kuanzia mstari wa kuanzia na dereva anahesabu kuanzia kwenye geti la kuingilia.

Hatua ya 6: Kuongea wakati wa mbio

Msemaji ni mmoja. Kama ni baba, basi mama, mjomba na fundi wanyamaze. Wakiwa na neno wampe yeye aamue. Asimame mahali anapoona uwanja wote, nyuma ya kizuizi. Juu ya bodi ya Fuso iliyoegeshwa mbali na njia ni pazuri. Chini ya paa la bati ni pabaya, kwa macho na kwa mawimbi.

Bonyeza kitufe, hesabu moja kimoyomoyo, kisha sema. Maliza, achia. Toni inahitaji sehemu ya sekunde kufungua upande wa pili, kwa hiyo anayebonyeza na kusema papo hapo anakata neno lake mwenyewe.

Sema dereva akiwa kwenye mnyooko. Akianza kufunga breki, nyamaza. Akiwa ndani ya kona, nyamaza. Isipokuwa njano na nyekundu, ambazo hazisubiri. Wakati wa kuondoka mstarini nyamaza mpaka wamalize kona mbili za kwanza, isipokuwa kuna ajali.

Usimfundishe kuendesha. "Umechelewa kugeuza pale" ni maneno ya kusema mkikaa kwenye viti baada ya mbio, na maji ya kunywa mkononi.

Dereva hana haja ya kujibu kwa sauti. Mwenye kitufe abonyeze mara mbili haraka, msemaji atasikia "chk chk" na kujua ujumbe umefika. Asiye na kitufe agonge helmeti mara moja akiwa kwenye mnyooko. Asinyooshe mkono juu, kwa sababu mkono juu unawaambia walio nyuma kwamba anapunguza mwendo au anaingia piti.

Jambo moja halina mjadala: bendera iko juu ya redio. Mshika bendera akionyesha njano na msemaji akasema "wazi", ni njano.

Hatua ya 7: Mpango wa redio ikifa

Itakufa siku moja. Andaa ubao mweusi na chaki nene, au kadibodi zilizoandikwa RUDI, 3, 2, 1. Mkubaliane unaonyeshwa wapi. Na dereva ajue kwamba ukimya si ishara ya kitu: asikose kona akiinamisha kichwa kusikiliza redio iliyozimika.

Mambo yanayosumbua mara kwa mara

*Dereva hasikii chochote.* Anza na kiungo cha begani. Tisa kwa kumi kimechomoka wakati anakaa. Kisha angalia pini za Kenwood zimezama mpaka mwisho, maana zikibaki nje kidogo tu zinanyamaza. Kisha chaneli, kisha toni.

*Anasikia mwanzoni, kisha inakatika akizunguka upande wa mbali.* Antena imelala au imegusa chuma. Ikiwa imesimama na bado inakatika, tazama kama msemaji amehama na sasa kuna lori au kontena kati yao.

*Mkwaruzo usiokwisha hata injini ikizimwa.* SQL, kile kizuizi cha mkwaruzo, iko chini mno, ipandishe hatua moja moja. Ukipandisha sana itaanza kuzuia na sauti ya msemaji pia.

*Hakuna anayeweza kuongea, taa ya redio moja inawaka nyekundu bila kubonyezwa.* Kitufe kimekwama. Vumbi la kiangazi la Iringa linaingia pembeni ya kitufe na kukifanya kisirudi. Safisha kwa mswaki mkavu, usimwagie mafuta. Kukiwa na vumbi jingi, funika redio kwa mfuko wa plastiki mwembamba.

*Watu wengine wanasikika.* Hakikisha toni imewekwa kote kuwili. Wakiendelea kuingiliana nanyi kwenye masafa mliyopewa rasmi, rudini TCRA. Msijihamishie masafa mengine wenyewe.

*Betri inaisha kabla ya mchana.* Mwezi wa sita na wa saba, Njombe na Makete, betri iliyolala kwenye gari usiku wa baridi kali inaamka na nguvu pungufu. Lala nazo ndani, uzibebe asubuhi kwenye mfuko wa koti. Usiziweke juu ya jiko kuzipasha. Na kwa kuwa umeme hukatika hata usiku wa kuamkia mbio, zichaji siku mbili kabla.

*Redio imelowa mvua.* Zima, toa betri, toa antena, kausha nje kwa kitambaa, iache mahali pakavu penye hewa hadi kesho yake. Usiiwashe "kuangalia kama bado nzima". Pini za eafoni zikiota kutu ya kijani, zisugue kwa kifutio cha penseli kabla hujanunua waya mpya.